Alama ya Makala ku Ukuta

Kapinga, mama, mutoto wangu,

Umeenda kanisani kuaga batu ya kwaya. Tantine yako, dada yangu, eko inje, anakunja nguo zako mara ya pili, anasema we haujue kukunja. Nyumba iko kimya. Naandika mbio mbele urudi. Mukono yangu ni mubaya, unaijua. Soma pole-pole.

Habari ya chakula, ya baridi, ya bavijana ya iniversite kule Lubumbashi, Tantine alishakuambia, na kesho ataanza tena mpaka bisi itatembea. Mi sina ya kuongeza. Niko na neno moja tu, na ni ya aibu. Kukuambia mu macho ilinishinda. Jana nilikuita. Ukakuya, ukasimama mbele yangu. Nikakuomba maji. Sikukuwa na kiu.

Tantine aliniambia unataka kuomba bakutoshe mu ekonomi, bakutie mu fakilte ingine, kule habafundishe hesabu. Alisema unaogopa ile kozi ya matematiki ya mwaka wa kwanza. Nilimuuliza, anaogopa sababu gani? Akaniangalia sana.

"Anasema sababu eko na kichwa ya mukate. Si we njo ulimupatia ile jina?"

Njo maana naandika.

Unakumbuka juma iliyopita, pa meza. Tantine alikuwa anachambua maharagi. We ulikuwa na ile silabi, kitabu ya kozi, yenye rafiki yako wa parokia alikuachia, yenye alisomea mwaka wake wa kwanza. Ulikuwa na furaha. Ulisema:

"Tata, sikia. Batu ya sayansi beko na hesabu yabo, ya nguvu. Hii ni ya siye, ya ekonomi. Banaiita derive."

"Derive?" Tantine alisema. "Iyo ni jina ya dawa ya minyoo."

"Hapana, Tantine. Wazia moto-taksi inatoka Manika."

"Nani anaiendesha?"

"Mutu tu, Tantine."

"Kama ni mutoto wa Ilunga, mi sipande."

Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Kiisha ukasema: derive haiulize moto iko wapi. Haiulize imetembea mbali namna gani. Inauliza, sasa hivi, inaenda mbio namna gani.

"Na breki iko mu kitabu?" Tantine aliuliza.

"Breki iko, Tantine. Kila kitu iko."

Ukakamata kalamu, ukachora mustari nyuma ya karatasi. Mustari ilikuwa inalala chini, kiisha ikaanza kuinuka kidogo. Ukatia nukta yulu yake. Ukaniambia mi, si Tantine: "Angaria, Tata. Hapa nukta zinapandana kidogo. Hapa zinapandana zaidi. Mustari bado iko chini, mutu anaweza kusema hakuna kitu. Lakini mbio yake ilishabadilika. Mwenye kuangaria paka urefu, hataona. Ataona wakati imeshapanda."

Mi nilisimama. Nilisema: "Funga ile kitabu. Kichwa ya mukate haisomake bitu bile."

Tantine alicheka, alidhani nafanya muzaha. We haukucheka. Ulifunga silabi, ukaweka kalamu yulu yake, ukaenda kuosha sahani zenye zilikuwa zimeshaoshwa.

Ulidhani nakasirika na we. Ao nadharau masomo yako. Hapana. Mi niliona zile nukta. Zile nukta nilishazionaka. Mama yako alizitiaka ku ukuta na makala.

Ile nyumba yetu ya zamani unaikumbuka nusu, ulikuwa mudogo. Mu kartiye ile kila mutu alikuwa anachimba mu lupango yake, pa kiwanja ya nyumba. Kwanza inje, nyuma ya choo. Kiisha mundani ya nyumba, batu basione. Unavunja sima, ile simenti ya chini, unashuka, unafuata mawe ya kobalti kule inaenda. Asubuhi unatandika mukeka yulu. Mugeni akikuya, unamupa kiti, anakaa yulu ya shimo yako, munasalimiana muzuri.

Ilunga jirani yetu njo alianza. Alinunua moto, pikipiki. Mi niliangalia ile moto mara moja, nikaenda kutafuta beleshi.

Mama yako alikatala. Aliniambia, "Tata Kapinga, nyumba inasimama yulu ya udongo. We unatosha udongo. Itasimama yulu ya nini?"

Nikajibu, "Yulu ya pesa."

Nilipendaka jibu yangu. Niliirudiliaka batu ya kazi, balicheka. Mama yako hakucheka, kama we tu.

Mupasuko ilianzaka mu chumba yako, pa kona ya dirisha. Kama unywele. Mama yako hakupiga kelele, unamujua. Jumapili, tukitoka misa, alikamata makala, ile kaa ya kupikia, mu mbabula, akatia alama pale mupasuko ilikuwa inaishia. Jumapili ingine, alama ingine. Mi nilikuwa napita pale, naona mutu mukubwa anachora ku ukuta kama mutoto.

Siku moja akaniita. "Kuya uone."

"Naona. Ni mupasuko. Ni baruti ya kule mugodi ya Mashamba inatetemesha batu yote. Nyumba gani ya Kolwezi haina mupasuko?"

"Siulize kama kuko mupasuko. Angaria nafasi. Hapa kati ya alama na alama, punje ya mahindi haiingie. Hapa kidole inaingia. Na hapa, angaria, mukono."

"Toka pale mpaka ku paa kuko mbali."

"Mi siongee ya mbali," alisema. "Naongea ya mbio."

Vile tu. Hakuwa na kozi, hakuwa na silabi. Alikuwa anaangaria ukuta ya mutoto wake.

Mi nilifanya nini? Nilipima mbali. Nilitandika mukono toka mupasuko mpaka paa, nikaona bado kuko mikono, nikarudi mu shimo.

Na shimo yenyewe ilikuwa imeshachoka, mama. Hii nayo ulisomaka kwa sauti siku ile, mbele ya kuchora. Ulisema mutu wa biashara asiulize paka amepata nini mpaka leo. Aulize gunia moja tena itamuletea nini, na itamunyanganya nini. Ulisema, pale gunia moja tena inanyanganya zaidi ya kuleta, pale njo anasimama. Mbele, beleshi moja ilikuwa inatosha mawe muzuri. Kiisha ilikuwa maji na matope, natoka mule mweusi kama makala, na mawe ya kujaza kofia. Lakini mi nilikuwa nahesabu magunia ya zamani. Nilikuwa nasema, hii shimo ni muzuri. Ilikuwaka muzuri. Sikujua kutenganisha ile mbili.

Ilunga alisimamaka. Alijaza shimo yake na udongo, nikamuita muoga mbele ya bibi yake.

Pasaka ikafika karibu. Nilitafuta pemba, ile udongo nyeupe ya kupaka nyumba, nikapaka ukuta yote ya chumba yako. Mupasuko na alama ya mama yako, yote ikapotea. Batu ya kanisa balikuya kula kwetu. Balisema, Tata Kapinga, nyumba yako inangaa. Nilifurahi. Mama yako alipita na sahani ya sombe, aliangalia ukuta, aliangalia mi, akaenda kwa mwenye kuwa na njaa. Jumapili yenye ilifuata, alikamata makala, akaanza alama mupya.

Hii haujue. Tantine naye hajue. Banajua nilichimba, batu yote banajua. Habajue kama bibi yangu alinionyesha, na mi nikapaka rangi.

Ukuta ilianguka mu muchana. Mi nilikuwa inje, nasafisha mawe. Yee aliingia kutosha matela yako ya kulalia, sababu alikuwa ameamua we na yee mulale kwa Tantine, nitake nisitake. Mupasuko haikukuwa imefika ku paa. Mi nilikuwa nangoja ifike ku paa, njo niache. Haikungojaka kufika.

Ukuta ilimuvunja muguu, uliiona. Plasta, kulala, fimbo. Alipokufaka nyuma ya miaka fulani, ku hopitali balisema ni damu ya kupanda, haiko muguu. Sijue. Sitakudanganya kama najua. Mutu mwenye kukaa pa kiti moja muda yote, analia bila kulia, damu yake inafanya nini, mi si munganga.

Lakini hata ile haiko njo yenye inanizuia kulala. Kwa ile nilishaomba mama yako musamaha, alikuwa hai, alinisikia. Alisema, "Leta maji ya kuosha muguu." Nikaleta. Kila siku nikaleta. Siye tulimalizanaka vile.

Na we hatujamalizana.

Nani alikamata kazi ya mama yako, ile ya kuuza mikate? We. Ulikuwa mudogo kama fimbo yake. Asubuhi ulikuwa unakaanga mikate mu mafuta na Tantine, kiisha unaiweka mu beseni, unaenda kuuza mbele ya kanisa pale Manika. Ulirudi na mikono ya kuungua, unasema haiumi. Masomo ikasimama. Nilisema ni kwa muda kidogo. Ikawa miaka mbili.

Uliporudi mu masomo, balikutia mu darasa ya batoto ya miaka yako. Bo balikuwa bamemaliza kugawa namba, ya yulu na ya chini, ile munaita fraksyo. We haukuiona hata siku moja. Wakati benziyo balikuwa banajifunza ile, we ulikuwa unageuza mukate mu mafuta. Ulikuya nyumbani na daftari nyekundu yote, ukalia pale ku mulango. Nyumba ilikuwa na batu, ilikuwa ubatizo ya mutoto wa Tantine. Mutu moja akauliza, uyu analia nini?

Mi nikasema, "Uyu eko na kichwa ya mukate. Kuuza anajua, hesabu hapana."

Batu bote balicheka. Na we ulicheka, na machozi mu uso. Ile jina ikabakia. Noko zako, ndugu ya mama yako, banakuita vile. Batoto ya Tantine banakuita vile. We mwenyewe, ukikosa kuhesabu kitu pa soko, unasema, samahani, mi ni kichwa ya mukate. Unasema na kucheka.

Wajua sababu gani nilisemaka vile, Kapinga? Nimewaza sana, sitaki kukosea hapa. Mu ile nyumba, batu bote balikuwa banajua kama ulikosa masomo. Mutu moja akiuliza tena kidogo tu, sababu gani mutoto huyu hajue, jibu ingekuwa mi. Shimo yangu. Nilibapa kitu ya kucheka, hakuna mutu aliuliza tena. Na kila mara balicheka, mi nilipumua. Nilipaka pemba mara ya pili, na hii mara nilipaka yulu ya mutoto wangu.

Kichwa yako haina kasoro. Kuko kipande ya masomo yenye haukupewa, na mi njo nilikunyanganya. Ile si kitu moja. Kipande yenye haikuwekwa, mutu anaweza kuiweka. Ulipita egzame ya leta, ile ya serikali, na ile kipande haiko. Ulipanda yulu ya ukuta yenye haina tofali chini, na haukuanguka. Mi sijue ulifanya namna gani. Naogopa kukuuliza.

Leo, ulipotoka, nilifungua silabi yako. Nilitaka kuelewa hata kidogo, mbele nikuambie usiiache. Sikuelewa. Kuko ma-x, kuko alama sawa ndoano ya samaki, kuko mishale midogo. Nilisoma ukurasa moja mpaka kichwa ikauma. Mi niliachia ku darasa ya tano, na mule pia nilikuwa wa nyuma. Kitu moja tu nilikuta, ni ile mustari yako na nukta, ulikuwa umeikunja mundani. Nikaiangalia muda murefu.

Sikuambie uende mu ekonomi sababu mi nataka. Mi sina ruhusa ya kukutakia kitu. Ukiona fakilte ingine inakupenda, enda, nitabeba sanduku yako sawasawa. Lakini usiende kule sababu ya jina yenye mi nilitia. Ile ni ya uongo. Ukibadilisha njia juu yake, mi nitakuwa nimekuvunjia nyumba mara mbili.

Na kama utabaki, kuko siku hautaelewa. Benziyo bataelewa mbele yako, bale ba masomo ya bapadri na bamasista. Pale utasikia ile jina mu masikio yako. Itakuwa sauti yangu. Uiambie inyamaze. Inua mukono, uulize ile ya chini kabisa, ile ya fraksyo, hata bakicheka. Mama yako alikuwa anauliza kila Jumapili, mbele ya mwanaume mwenye hataki kusikia, na hakuchoka. We unatoka kwake. Ile ya kucheka-cheka ili batu basikuulize, unatoa kwangu. Iache hapa nyumbani.

Banasema hesabu ya vile ni kazi ya ba-injeniere, mutu wa kawaida hana kazi nayo. Ba-injeniere beko na bitabu byao. Mi njo nilikuwa na kazi nayo, pale chini ya chumba yako, na sikuwa na mutu wa kunifunza, ao nilikuwa naye na nikamupaka pemba.

Kesho pa bisi batu ya familia batakuwa bengi. Noko zako batakuya na mizaha. Mutu akisema kichwa ya mukate, hata Tantine, nitamukata kauli mbele ya bote. Nitasema, huyu mutoto alikosa masomo sababu mi nilivunja nyumba. Sijawahi kusema ile neno na sauti. Nimeijaribu leo hapa peke yangu. Tantine aliniuliza toka inje naongea na nani. Nilisema na mbuzi. Alisema hatuna mbuzi.

Mu hii nyumba tunapanga, kona zote niliangalia. Naangaliaka kila Jumapili, haujue. Niko na kipande ya makala yulu ya dirisha. Mpaka leo sijapata pa kuitia.

Hii barua nitaitia mu silabi, pale mustari yako iko, usiikute pa bisi mbele ya batu. Utaikuta ukifungua kitabu. Kama haufungue kitabu tena, hautaisoma, na ile nayo nitakuwa nimeistahili.

Nasikia sauti yako ku barabara, unaimba na bale benziyo. Namaliza.

Ukirudi Noeli, kaa pa meza, chora tena ile mustari. Tantine atauliza ya breki. Mi sitasimama.

Tata yako